Sukari ikishapanda, msimrudishe nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua nimeandika kirefu kuliko mnavyopenda. Ikibidi kukata, kata habari zangu mimi, lakini yale ya dawa za kisukari na saa zake yaache kama yalivyo, maana hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Nimefundisha baiolojia sekondari kwa miaka 31. Kila mwaka, kidato cha tatu, nilichora kongosho ubaoni kwa chaki ya njano, nikatia vidoa vyeupe ndani yake, nikawaambia watoto kwamba vile ndivyo visiwa vya Langerhans, vilivyopewa jina la kijana wa Kijerumani aliyeviona kwa hadubini mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi. Humo ndimo inamotoka insulini, ile inayoshusha sukari ya damu. Somo lile nililirudia mara nyingi hata nikawa naweza kulisema usingizini. Mwaka jana, mwezi wa saba, somo hilohilo lilikuja nyumbani kwangu, likalala kitandani kwangu, nami sikulitambua.

Mume wangu ana miaka 69. Alikuwa mtu wa reli, stesheni ya hapahapa Tanga, enzi zile treni ya abiria ikipanda hadi Moshi na Arusha. Kisukari anacho miaka 14 sasa. Alikuwa akitumia dawa mbili: glibenklamaidi ya miligramu 5, kidonge kimoja asubuhi, na metfomini ya miligramu 500, viwili asubuhi na viwili jioni. Miaka yote hiyo alikuwa mzima wa kutosha kupanda baiskeli yake kila alfajiri hadi soko la Mgandini kutafuta samaki kabla hawajachaguliwa na wenzake.

Mwezi huo dirisha la dawa kliniki halikuwa na kitu, tukaandikiwa tukanunue nje. Alhamisi jioni nikaenda duka la dawa. Binti wa kaunta alikuwa peke yake na watu wamejaa mlangoni. Akavitoa vidonge kwenye makopo makubwa, akavihesabu juu ya kisahani, akavitia katika bahasha mbili za kaki. Juu ya bahasha moja akaandika "Sukari 1x1", juu ya nyingine "Sukari 2x2". Jina la dawa hakuandika. Miligramu hakuandika. Na maandishi yakakaa kinyume: bahasha yenye glibenklamaidi ndiyo iliyoandikwa 2x2.

Mimi ndiye niliyemmiminia mume wangu vidonge kiganjani. Macho yake yana ukungu siku hizi, hivyo kazi hiyo ni yangu. Ijumaa asubuhi viwili, jioni viwili. Jumamosi viwili, viwili. Jumapili vivyo hivyo. Vidonge vilikuwa vya kiwanda kingine, vyote vyeupe, na kliniki tulikuwa tumeambiwa dozi huenda ikabadilishwa, basi nikaona ndiyo mabadiliko yenyewe. Bahasha ilikuwa na vidonge 14. Vidonge 14 kwa mwendo wa vinne kwa siku haviwezi kufika wiki mbili, havimalizi hata siku ya nne. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la tatu, na sikuipiga. Nilikuja kuipiga baadaye, nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodi, nikavihesabu vilivyobaki: viwili. Alikuwa amemeza 12, mahali pa 3.

Jumamosi tumbo lilimchafuka kidogo. Jumapili mchana alikula vijiko viwili vitatu vya wali akausogeza, akasema hana hamu. Jioni nikampa vidonge vyake kama kawaida, na uji nusu kikombe.

Saa nne usiku nikaona shati lake limelowa. Jasho la baridi, la kukamua. Nikadhani homa inashuka. Akaniuliza kama treni ya Korogwe imeshaingia. Nikamwambia, baba, treni gani tena, lala. Akanitazama kama mtu asiyenijua, akaniita kwa jina la marehemu mama yake. Mikono ikaanza kutetemeka, halafu ule wa kulia ukalegea, ukadondoka pembeni mwa kitanda, na mdomo ukaenda upande.

Nikapiga kelele, majirani wakaja. Mmoja akasema ni kiharusi, asiguswe. Mama mtu mzima ninayemheshimu sana akasema hiki si cha hospitali, akatuma mtoto akalete ubani na mwingine akamwite mtu wa kumsomea. Siwalaumu hata chembe. Mimi niliyesomea mambo haya sikuwa na la kuwaambia. Tulipoteza kama nusu saa pale, ubani unafuka, hadi binti yetu alipofika na bajaji akasema twendeni.

Kituo cha afya tulichofika kilikuwa na muuguzi wa zamu ambaye sitamsahau. Hakuuliza habari ndefu. Alitoboa kidole kwanza, akatia tone kwenye mashine, ikasoma 1.6. Kwa wasiozijua namba hizi: chini ya 3.9 sukari imeshashuka, chini ya 3 hali ni mbaya. Akatafuta mshipa, akamsukumia sindano ya glukosi ya asilimia 50 taratibu. Ndugu Mhariri, niliuona ule mdomo ukinyooka mbele ya macho yangu, kidogo kidogo, kama kitambaa kinachopitishwa pasi. Mkono wa kulia ukainuka. Mzee akafumbua macho akasema, "Mwalimu, hapa ni wapi?" Ndivyo anavyoniita. Nikalia kwa furaha hadi nikatoka nje.

Huo mdomo kwenda upande na mkono kulegea si lazima uwe kiharusi. Ubongo ni sehemu ndogo sana ya uzito wa mwili, kama asilimia 2, lakini unakula karibu moja ya tano ya nguvu zote za mwili, na chakula chake kikuu ni glukosi isiyo na ghala humo ndani. Ikikatika, ubongo hauzimiki wote kwa pamoja. Mara nyingine upande mmoja hutangulia, na mtu anaonekana amepooza. Ukiirudisha mapema, anarudi. Ndiyo maana kila mgonjwa anayeonekana kupooza, au kuweweseka, au "kupandisha", akiwa na kisukari, kidole chake kitobolewe kabla ya jambo jingine lolote. Kipimo chenyewe hakimalizi dakika moja.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya niandike.

Saa kumi alfajiri sukari ilisoma 9.8. Mzee anaongea, ameomba chai, ameinywa. Tukaambiwa sukari imepanda, hali yake nzuri, mrudisheni nyumbani, akale vizuri, kesho mje kliniki. Hakuna aliyeuliza anatumia dawa gani. Na sisi hatukusema, kwa sababu hatukuulizwa, na kwa sababu tulikuwa na haraka ya kufurahi. Tukapanda bajaji tukarudi.

Nyumbani akalala. Saa tatu asubuhi nikapita mlangoni nikamsikia anakoroma. Nikasema maskini, usiku mzima hakulala, acha apumzike. Nikafunga mlango kwa utaratibu mkono ukiwa kwenye komeo lisigonge. Mlango huo nautazama kila siku. Kule ndani hakuwa amelala. Sukari ilikuwa imeshashuka tena, na kukoroma kule kulikuwa ni kwa mtu anayepoteza fahamu. Saa saba mchana binti yetu aliingia kumwamsha ale, akamtikisa, hakuamka. Na akiwa amemshika ndipo degedege lilipomwanza.

Hospitali kubwa mashine ilisoma 1.2.

Daktari wa pale, kijana bado, aliniketisha akaniuliza swali ambalo lingeulizwa saa kumi na mbili kabla: anameza nini? Nikatoa zile bahasha kwenye mkoba. Akamimina vidonge mezani, akavigeuza kwa ncha ya kalamu, akanyamaza kidogo. Kisha akanieleza, na aliponieleza nikaiona ile chaki ya njano mkononi mwangu.

Glibenklamaidi haipunguzi sukari kwa njia ya kuizuia. Inaishurutisha kongosho imwage insulini. Kwa kawaida seli za vile visiwa hufungua mlango wa insulini sukari inapopanda na kuufunga inaposhuka. Dawa hii inautia kabari mlango. Umekula, hujakula, umetapika, umelala, mlango uko wazi. Na kabari hiyo haitoki upesi. Kidonge kinafanya kazi hadi saa 24. Mabaki yake nayo, yakishapita kwenye ini, bado yana nguvu ya kushusha sukari, na karibu nusu yake hutolewa na figo. Figo zikiwa zimechoka hayatoki. Yanabaki kwenye damu siku ya pili na ya tatu. Walipompima mume wangu, kreatinini, ile taka ya damu ambayo figo huitoa, ilikuwa juu. Figo zake zilikuwa zimeanza kudhoofika kimyakimya, wala hazikuwa zimepimwa kwa zaidi ya miaka miwili.

Sasa tazama kilichotokea kituo cha afya. Ile glukosi ya asilimia 50 ni nzuri, ilimwokoa. Lakini hudumu muda mfupi. Tena sukari ikipanda ghafla katika mwili ambao mlango wa insulini umetiwa kabari, kongosho inaiona sukari hiyo na kumwaga insulini zaidi. Kwa hiyo ile 9.8 iliyotufurahisha ilikuwa mwanzo wa kushuka kwa pili. Daktari alisema mtu ambaye sukari yake imeshushwa na vidonge vya jamii hii halali nyumbani. Analazwa angalau saa 24, dripu ya glukosi inatembea, kidole kinatobolewa kila saa, na dripu inapoondolewa bado anaangaliwa. Alisema ipo na sindano iitwayo okitreotidi inayoizuia kongosho isimwage insulini. Siku ile haikuwepo.

Mume wangu alikaa kwenye dripu ya asilimia 10 siku tatu. Kila walipojaribu kuipunguza, sukari ikateremka: 2.8, 3.1, 2.6. Vipande vya kupimia viliisha wodini usiku wa kwanza, binti yetu akatoka kwenda kununua kopo la 50. Nilikuwa namshika mkono wakati wanamtoboa. Vidole vyote kumi vilijaa vitobo vidogo vyeusi, ncha zimekuwa ngumu kama za fundi viatu. Siku ya nne asubuhi akafumbua macho.

Alifumbua macho, lakini hakurudi kamili. Anatembea, anakula mwenyewe, ananijua. Lakini mtu aliyeishi maisha yake yote kwa saa ya ukutani, anayejua treni ya mizigo itapita Muheza dakika gani, hawezi tena kuisoma saa. Anaitazama, anaona mishale, hazungumzi. Jambo la asubuhi halifiki jioni. Baiskeli imeegemea ukuta wa uani, magurudumu yameisha upepo, na haulizi habari zake. Madaktari wana jina refu la kuumia ubongo kwa kukosa sukari muda mrefu. Wanasema ni jambo la nadra, kwamba wengi wanaoshushwa sukari huamka wakawa kama walivyokuwa. Naamini. Kwa sababu ni la nadra ndiyo maana mtu wa zamu alfajiri halifikirii, na ndiyo maana naliandika.

Nataka niseme na habari ya neno "kuzidisha dozi", kwa sababu tukilisikia tunafikiria mtu aliyemeza konzi nzima kwa kutaka kufa. Wapo hao, na wanahitaji huruma na matibabu ya haraka kama wengine. Lakini mume wangu alimeza miligramu 20 kwa siku, dozi ambayo mtu mwingine mwenye figo nzima na anayekula vizuri angeweza kuandikiwa na daktari. Kwake yeye, mwenye miaka 69, figo dhaifu na tumbo tupu, ilikuwa sumu. Anaweza kuzidishiwa dozi hata asiyebadilisha kidonge kimoja, endapo figo zimepungua nguvu na dozi ikabaki ileile ya miaka kumi nyuma. Anaweza aliyepewa septrini kwa ajili ya mkojo, au kwinini kwa malaria, kwa kuwa dawa hizo nazo huisukuma sukari chini. Na wapo wazee wetu, nawajua kwa majina, ambao wakialikwa harusini humeza kidonge cha ziada kabla ya biriani "ili kujihami". Na wapo waliofunga Ramadhani ambao hukusanya vya asubuhi na vya jioni wakavimeza pamoja wakati wa futari. Nawaomba kwa heshima zote, wasifanye hivyo. Anayetaka kufunga azungumze na daktari wake kabla mwezi haujaandama. Dozi hupangwa upya na funga ikawezekana kwa wengi.

Tangu yatupate nimesoma sana. Nimejifunza kwamba jamii hii ya dawa iligunduliwa kwa bahati mbaya yenyewe. Mwaka 1942, mjini Montpellier, Ufaransa, daktari Marcel Janbon alikuwa akijaribu dawa ya jamii ya salfa kutibu homa ya matumbo, akaona wagonjwa wake wanapatwa na degedege na kuzirai, wengine wakafa. Sukari yao ilikuwa imeporomoka. Ni kutokana na wagonjwa hao ndipo mwenzake Auguste Loubatières alipochunguza na kuonyesha kwamba dawa inaichochea kongosho. Kwa maneno mengine, hatari hii haikugundulika baada ya dawa. Ndiyo iliyoijulisha dawa yenyewe.

Na huko Singapore mwaka 2008, kati ya Januari na Mei, watu 150 wasio na kisukari kabisa walifikishwa hospitali sukari ikiwa chini mno. Ilionekana wengi wao walikuwa wamemeza dawa za magendo za kuongeza nguvu za kiume, zilizokuwa zimechanganywa na glibenklamaidi. Saba hawakuamka upesi, ubongo umeumia, na wanne wakafa. Nalitaja hilo bila haya, kwa sababu dawa za namna hiyo zinanadiwa stendi na sokoni mchana kweupe, na kijana mzima akianguka jasho likimtoka hakuna atakayefikiria kumpima sukari.

Metfomini ni habari nyingine. Yenyewe haiilazimishi kongosho, na ikitumiwa peke yake ni mara chache kushusha sukari hadi hatari. Hatari yake iko upande mwingine: ikizidi mno, au figo zikishindwa kuitoa, damu hujaa asidi ya laktiki. Mgonjwa anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa kasi na kwa kina kama aliyepanda mlima, halafu anazama. Ni nadra, hesabu zinazotajwa hazifiki watu 10 kwa kila wagonjwa 100,000 kwa mwaka, lakini anayepatwa huenda akahitaji kusafishwa damu kwa mashine haraka. Dada yake metfomini, fenfomini, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1977 kwa sababu hiyohiyo. Sisemi mtu aiache metfomini. Ni dawa nzuri na imewatunza wengi. Nasema figo zipimwe.

Na hapo ndipo nawageukia wenye kliniki. Mgonjwa wa kisukari anapimwa sukari na presha kila anapofika, vipimo viwili kwa dakika tano, lakini figo zake zinapita miaka. Kipimo cha kreatinini hakihitaji kusafiri kwenda Dar es Salaam. Mara moja kwa mwaka, na kwa mzee zaidi ya hapo. Pia orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2013, inaitaja gliklazidi, dawa ya jamii hiyohiyo, badala ya glibenklamaidi, na inasema wazi kwamba glibenklamaidi haifai kwa mtu aliyezidi miaka 60. Mume wangu alikuwa ameizidi miaka hiyo kwa tisa. Najua bei, najua stoo, najua daktari haandiki dawa ambayo haipo. Lakini kila mwenye mzazi anayemeza vidonge hivi ana haki ya kuuliza, "Daktari, hii bado inamfaa?" Asiulizie sokoni, asiache dawa kwa kichwa chake, kwa kuwa sukari iliyopanda bila dawa nayo inaua.

Wenye maduka ya dawa, nawaomba jina. Andikeni jina la dawa na miligramu juu ya bahasha. Kama dawa iko kwenye pakiti yake ya karatasi ngumu, kateni mkiacha jina lionekane. "Sukari 2x2" si maelezo ya dawa.

Na wenzangu mnaouguza majumbani: mgonjwa akitoka jasho la baridi, akitetemeka, akiongea yasiyoeleweka, kama bado anameza vizuri mpe nusu glasi ya soda yenye sukari, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima tena, rudia ikibidi, kisha mpe chakula chenyewe, ugali, muhogo, mkate. Kama hana fahamu usimtie kitu chochote mdomoni, kitamwingia mapafuni. Mlaze ubavu, mkimbize. Akiwa anameza vidonge vya kuchochea kongosho, mkimbize hospitali hata kama ameamka na anacheka. Chukua na bahasha zote. Mkifika, kabla hamjaulizwa, semeni anameza nini na alimeza saa ngapi. Wakiwaambia sukari imepanda mwende nyumbani, kaeni. Ombeni kwa adabu, lakini kaeni, hadi kesho yake saa kama ile.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye lile duka. Sikwenda kugombana. Nilizitoa bahasha zangu mbili, nikaziweka kaunta, nikamweleza yule binti yote niliyoyaeleza hapa. Alizishika, akautambua mwandiko wake, akakaa chini. Tulilia wote wawili. Akanivutia kiti niingie ndani, akanionyesha kwamba siku hizi anaandika majina. Ni kweli, niliona: "Metfomini 500" kwa herufi kubwa, na mstari chini yake.

Tukiwa bado tumekaa akaingia mzee, kofia ya kiua kichwani, fimbo mkononi. Binti akaamka akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akataka vile vidonge vidogo vya sukari, vya wiki mbili, cheti amekisahau nyumbani. Binti akanitazama, kisha akamgeukia.

"Babu, umeshawahi kupimwa figo?"

"Figo?" mzee akasema. "Mjukuu wangu, mimi naumwa sukari, siumwi figo."

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.